Ufungamano na Gunia la Viatu vya Kushoto

Direkta wa chuo chetu kidogo cha Gitega alikuwa na ugonjwa wa kupenda mambo mapya kabla hajayajua. Alirudi kutoka semina moja Bujumbura akiwa na neno moja mdomoni, la Kifaransa, refu, na kwa wiki nzima akawa analitamka mbele ya kila mtu, hata mbele ya mama anayetuuzia chai. Kisha akaniita ofisini. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa enformatiki, yaani masomo ya kompyuta, alisema, lazima wapate somo la utangulizi kuhusu kompyuta za kwantamu, na hasa jambo hilo la chembe mbili kuunganishwa hata zikiwa mbali. Mwalimu ni mimi, kwa kuwa nilisoma fizikia kabla ya kuhamia kwenye kompyuta. Nikamuuliza tutatumia mashine gani, maana katika chumba chetu nusu ya kompyuta zilikuwa zinawaka kwa kubembelezwa.

"Utatumia chaki, madamu," akasema. "Chaki iko."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, lakini pia ni mtu wa kubishana na kazi mpaka niipende. Nilikulia kambini Tanzania, nikarudi Burundi nikiwa binti mkubwa. Kiswahili ndicho nilichosomea, na Kirundi changu hadi leo kina kona kona. Kwa hiyo nilitaka kulifundisha somo lile kwa lugha ninayoielewa mimi mwenyewe, Kifaransa nikiachie mitihani. Shida ikawa neno. Nikajaribu "kunasana", nikaona linanuka mtego wa panya. "Kusukana" likanipeleka kwa msusi. Nikaangukia "kufungamana", neno nililolijua tangu shule ya msingi, kwa sababu mwalimu wetu kule alitukaririsha habari za nchi zisizofungamana na upande wowote. Nilicheka peke yangu chumbani kwangu mtaa wa Yoba, hapo Gitega. Utoto wote nimekariri kutofungamana, leo ndiyo natafuta namna ya kufundisha kufungamana.

Kabla ya kusimama mbele ya darasa, nilitaka kulijaribu somo kwa mtu mmoja. Mtu niliyemchagua ni mama, aliyekuwa akiishi Muyinga. Mama hana adabu ya kujifanya ameelewa. Ukisema jambo lisiloeleweka, anafumba macho na kukoroma kidogo, hata kama ni saa nne asubuhi. Lakini siwezi kusimulia nilichomwambia mama bila kusimulia kwanza habari ya viatu.

Baba aliuza viatu vya mitumba katika soko la kambi. Wauza viatu wote wanajua kwamba ukitandaza jozi unaibiwa jozi, na ukitandaza mguu mmoja mwizi anapita tu, maana ataupeleka wapi. Kwa hiyo kwenye turubai la baba ilikaa miguu ya kushoto pekee, na ya kulia ilikuwa guniani nyuma yake mpaka mteja apatane naye bei. Waliposema amani imepatikana na malori ya kurudisha watu yameanza, baba akaamua turudi kwa mafungu mawili. Mama na mimi tutangulie Muyinga, tukakalie kiwanja cha babu kabla hakijakaliwa na wengine. Yeye abaki kidogo, auze mlango na mabati ya nyumba yetu, kisha aje na lori linalofuata. Na viatu akavigawa vivyo hivyo. Gunia la kushoto tukapewa sisi, la kulia akabaki nalo yeye. Njiani kuna wezi, alisema, lakini mwizi wa viatu vya mguu mmoja bado hajazaliwa.

Alijisifu sana kwa akili hiyo. Lori lilipoondoka alikuwa anacheka na kutupungia, na mama akamkaripia kutoka juu ya mizigo kwamba asicheke mkewe anapoondoka, watu watadhani anafurahi.

Hakuja. Wiki za kwanza mama alikuwa akienda kila alipopata nafasi mahali malori yanaposimama, karibu na soko la Muyinga. Siku moja alimuuliza mpakiaji mmoja aliyekuwa na gunia begani: "Lori la kutoka kambini, lini?" Yule bwana, hata bila kugeuka, akajibu: "Ejo."

Asiyekijua Kirundi nimweleze. Ejo ni jana, na ejo hiyo hiyo ni kesho. Kitenzi ndicho kinachokuonyesha ni ipi kati ya hizo, na yule bwana alikuwa amebeba gunia, hakuwa na pumzi ya kitenzi. Mwenyeji angemuuliza tena. Lakini mama alivushwa mpaka wa Tanzania akiwa mgongoni mwa mama yake, na kichwa chake kilikuwa kinapanga siku kwa Kiswahili, ambamo jana ni jana na kesho ni kesho. Akasikia kesho. Akarudi nyumbani akaniambia, tukakoga, tukapika maharage mengi, na kesho yake tukasimama barabarani mpaka jua likazama. Jirani ndiye aliyetuambia kwamba lori lilishafika siku moja kabla mama hajauliza, likashusha watu, likarudi. Bwana yule alimaanisha jana.

Halafu, miezi kadhaa baadaye, akapita mama mmoja mrejeaji kama sisi, akiwa safarini kwenda kwao. Aliketi kwetu akanywa maji. Akasema mumeo nilimwona kule sokoni, siku chache tu baada ya ninyi kuondoka. Alikuwa na mwanamke mwembamba, wanakwenda polepole, mwanamke amemshika mkono. Alisema hivyo, akashukuru kwa maji, akaondoka.

Kuanzia siku hiyo mama akawa na mume aliyebaki Tanzania na mwanamke mwembamba. Alimtukana akifagia, alimtukana akipepeta mchele. "Huko aliko na huyo ufito wake," alikuwa anasema, na akisema hivyo sauti yake inapata nguvu. Kambi ilifungwa, watu wakatawanyika, hatukuwa na namba ya mtu yeyote wa kuuliza. Akina mama wa kanisani walimshauri kwa upole kwamba pengine yule bwana amefariki, kwamba tuketi matanga, kisha tufanye kuganduka, ile siku ya kuvua msiba ambapo mjane anaruhusiwa kuanza tena kuishi. Mama akawajibu kwamba mtu anayekula wali wa mwanamke mwingine hawekewi matanga. Fundi seremala mmoja mpole, mtu mzuri, alimposa kwa heshima zote. Mama akamwambia ana mume.

Hivyo ndivyo mama alivyozeeka mbele ya macho yangu. Hakuwa mke, na mjane hakuwa. Gunia la viatu vya kushoto lilikaa chini ya kitanda, na ukiligusa unatukanwa wewe pia. Nilimhurumia, na mara nyingine nilimchukia kwa ubishi huo. Nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, kwamba mama ajue. Awe ameachwa au awe amefiwa, mimi sikuchagua, bora liwe moja, alilie hilo na aendelee.

Basi Jumamosi ile nikaketi naye uani Muyinga, yeye akichekecha unga wa muhogo, nikaanza somo langu. Nikamwambia kompyuta tulizo nazo zinahesabu kwa alama mbili, sifuri na moja, na kila kijisehemu cha kumbukumbu lazima kiwe hiki au kile. Kompyuta hizi mpya zinatumia kitu kiitwacho kyubiti, na kyubiti kabla hujaiuliza si sifuri wala si moja. Ina yote mawili ndani yake, kwa kipimo fulani. Ukiiuliza, ndipo inapoangukia upande mmoja, na hapo hairudi tena.

"Kama ejo," mama akasema.

Nilifurahi mpaka nikapiga makofi, kwa sababu huo ndio mfano niliokuwa nimeuandaa. Kama ejo kabla ya kitenzi, nikamwambia. Na sasa chukua kyubiti mbili uzifungamanishe. Moja ibaki hapa, nyingine ipelekwe Gitega. Ukiuliza ya hapa, inaweza kujibu sifuri, inaweza kujibu moja, hakuna anayejua. Lakini ikishajibu, ya Gitega nayo ukiiuliza swali hilo hilo inatoa jibu linalolingana nayo. Kila mara.

"Hiyo naijua," akasema. "Ni gunia langu. Nikitoa cha kushoto hapa, najua kule kimebaki cha kulia."

Hapo ndipo ningenyamaza kama ningekuwa na akili. Lakini mwalimu hawezi kuliacha kosa linapita. Nikamwambia hapana, mama, viatu ni tofauti. Kiatu kilikuwa cha kushoto tangu baba alipokifunga guniani, hata kama hakuna aliyechungulia. Kwenye chembe hizi hakuna kilichofungwa. Jibu halipo mahali popote mpaka mtu aulize.

Mama akaacha kuchekecha. "Asipouliza?"

"Basi halijawa."

Aliusawazisha unga kwa kiganja. "Ndiyo maana mimi siulizi," akasema, akaendelea na kazi yake.

Nikaanza kueleza kwamba hayo ni ya vitu vidogo kupita kiasi, kwamba watu hawako hivyo. Mama alikuwa ameshafumba macho, anakoroma. Niliondoka Jumapili nikijilaumu. Nilikuwa nimempelekea mama yangu sababu nyingine ya kutojua, tena sababu yenye heshima ya kitabu.

Darasa lenyewe lilikuwa Jumanne. Direkta aliketi nyuma akiwa amevaa tai. Niliandika EJO kwa herufi kubwa ubaoni, wakacheka, na baada ya hapo mambo yakaenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Nilipofika kwenye kyubiti mbili zilizofungamana, kijana mmoja wa mstari wa mbele, anayebishana na kila kitu, akainua mkono.

"Madamu, mi sielewi. Iko mbili ama iko moja?"

Nimefundisha miaka mingi na sijaulizwa swali zuri kuliko hilo. Nikamwambia ukizihesabu ni mbili, ukitaka kuzieleza ni moja. Huwezi kusema habari za hii ukamaliza, kisha ukasema habari za ile. Ukiitazama hii peke yake unaona bahati nasibu tupu, na ile vile vile. Mpango wao haumo ndani ya hii wala ndani ya ile, umo kati yao. Ndiyo sababu kyubiti nyingi zikifungamana zinabeba habari nyingi kuliko alama zetu za kawaida, na kuna hesabu za aina fulani ambazo kompyuta hizo huenda zikazifupisha sana. Si kila hesabu, nikawaonya, maana nilimwona direkta anatabasamu. Na ndiyo sababu ni dhaifu. Joto kidogo tu, mtikisiko kidogo, ni sawa na mtu aliyechungulia, na ufungamano unakatika. Wenye mashine hizo nyingi wanazifungia kwenye baridi kali kuliko baridi yoyote tunayoijua.

"Bazilete hapa Gitega, kwetu iko baridi," akasema mmoja, na darasa zima likacheka.

Kisha nikawapa mfano wa viatu, ili niuvunje mbele yao kama nilivyouvunja mbele ya mama. Niliwaambia wawazie muuza viatu aliyepeleka miguu yote ya kushoto Muyinga, ya kulia akabaki nayo kambini Tanzania. Sikusema ni nani. Nikawaeleza kwamba hapo hakuna maajabu, kwa sababu kila kiatu kilijijua tangu mwanzo. Chembe zetu unaweza kuziuliza maswali ya aina kadhaa, na muulizaji anachagua swali dakika ya mwisho. Kama majibu yangekuwa yamefungwa tayari guniani, yangelingana kwa kiasi fulani tu, na kiasi hicho unakipata kwa hesabu ya kawaida. Watu wamepima, wakapima tena. Chembe zinalingana kupita kiasi hicho. Guniani hamkuwa na majibu.

Binti mmoja aliyeketi karibu na dirisha, mkimya, alikuwa anacheka peke yake. Nilidhani ananidharau, na kama nilivyosema, hasira zangu ziko karibu. Nikamwambia asimame atuambie kinachomchekesha.

"Pole, madamu. Ni hiyo ya viatu. Mi nilivaaka hizo."

"Ulivaa nini?"

"Ya kulia. Mbili. Kule kambini, nikiwa mutoto. Watoto wote ba kwetu tulivaaka ya kulia, huku na huku. Mama iko anatucheka mpaka leo, anasema tulikuwa tunatembea tunapinda."

Darasa likaangua kicheko. Niliiweka chaki mezani. Nilimuuliza kambi gani, akataja kambi yetu. Nilimuuliza mama yake yuko wapi. Akasema Musinzira, hapa hapa Gitega, nyuma tu ya barabara. Nilimaliza somo, sijui nilisema nini, direkta aliniambia baadaye kwamba lilikuwa zuri sana.

Jioni ile ile nilimfuata binti hadi kwao. Mama yake alikuwa anamenya viazi mlangoni, mnene, mchangamfu, Kiswahili chake cha Tanzania kama changu. Nilimwamkia, nikamwambia mimi ni mwalimu wa binti yake, na kwamba nataka kuuliza habari za yule mtu mwenye viatu vya kulia.

"Yule mzee, Mungu amlaze pema," akasema, bila kujua anamwambia nani. "Tulikuwa jirani, mlango kwa mlango, ila sisi tulihamia pale siku chache tu kabla mkewe hajaondoka. Mke na binti walitangulia na lori, na yeye siku ya pili tu akashikwa na homa. Nilimpikia uji, akanywa kidogo. Siku moja nikasema hapana, huyu atanifia hapa, nikamshika mkono nikampeleka zahanati kwa miguu, tukapitia katikati ya soko, tunapumzika kila mahali. Wakati huo nilikuwa mwembamba, usinione hivi. Haikusaidia. Wiki ile haikuisha, tukamzika."

Nikamuuliza kama hawakutafuta namna ya kumjulisha mkewe.

"Tulimpa dereva neno. Lori la kwanza baada ya maziko lilikuwa linakuja Muyinga, tukamwambia dereva akifika aulize mke wa muuza viatu. Labda aliuliza, labda hakuuliza. Hatukusikia kitu." Akatupa ganda la kiazi. "Kuna jambo moja lilituuma. Tulifungua gunia lake tukakuta viatu vya kulia tupu. Vyote! Tukasema masikini, kumbe homa ilikuwa imeshampanda kichwani, alikuwa akinunua viatu nusu nusu. Tukawagawia watoto."

Akili aliyojisifia baba waliizika wakiiita wazimu. Hapo ndipo nilipolia, mbele ya mwanafunzi wangu, na yule mama akaacha kisu akanitazama vizuri usoni. "Wewe ndiye binti," akasema. Akanikumbatia, mikono yake ikiwa na udongo wa viazi.

Kuhusu lile lori sina uhakika hadi leo. Huenda ndilo lililofika ile ejo ambayo mama aliisikia kama kesho, na dereva akasimama pale sokoni akaita mke wa muuza viatu, hakuna aliyeitika, akageuza gari. Huenda lilikuwa jingine. Hilo nalo siwezi kulijua.

Asubuhi nilichukua basi la Muyinga kwa njia ya Karuzi. Nilikuwa nimebeba kile nilichokiomba kwa Mungu, na njia nzima nilitamani Mungu asingenisikiliza.

Mama alikuwa anaosha masufuria uani. "Umefukuzwa kazi?" akaniuliza, kwa kuwa siku ya kazi mimi siendi Muyinga. Nilivuta kigoda nikaketi. Alinitazama, na mkono wenye majivu ukasimama ndani ya sufuria.

"Usiniambie."

"Mama."

"Nimesema usiniambie. Wewe mwenyewe ulisema, umeketi hapo hapo. Kisichoulizwa hakijawa. Mimi sijauliza."

"Nilikuwa nasema habari za vichembe, mama. Mtu hayuko hivyo. Mtu ni kama kiatu. Kilichomo guniani kimo, ukichungulia usichungulie."

"Kwa hiyo ulinidanganya."

"Sikukudanganya."

"Basi elimu yenu ina upendeleo," akasema. "Kichembe kinaruhusiwa kuwa viwili. Mtu ananyimwa."

Kuku walikuja kudonoa ukoko aliokuwa ameumwaga, na hakuwafukuza. Mwisho akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Lini?"

"Wiki ile ile tuliyoondoka."

"Ile ile?"

"Homa. Na mwanamke mwembamba alikuwa jirani aliyehamia siku zile, anampeleka zahanati. Hakuweza kutembea peke yake, ndiyo maana alimshika mkono."

Mama aliketi chini, pale pale kwenye maji ya masufuria. "Alikuwa anampikia?"

"Uji."

"Alikunywa?"

"Kidogo."

Alitikisa kichwa mara nyingi. "Asubuhi hii nimemtukana," akasema. "Kuni zilikuwa mbichi, moshi ukanijaa machoni. Nikasema, mbwa yule angekuwepo angenipasulia kuni kavu. Leo hii, mwanangu. Na jana. Siku zote hizo alikuwa ameshalala chini, na mimi namtukana."

"Hukujua, mama."

"Sikujua kwa sababu sikutaka." Akafuta mikono kwenye kitenge, taratibu, kidole kimoja kimoja. Kisha akanitazama kama wanafunzi wangu wanavyonitazama wanapotaka kitu. "Hivyo vitu vyako vilivyofungamana. Kimoja huku, kingine mbali. Ukikiambia neno hiki cha huku, cha kule kinasikia?"

Darasani nilikuwa nimeliandalia swali hilo jibu refu, na kwa bahati hakuna aliyeliuliza. Jibu ni kwamba hapana. Vinalingana, lakini havipelekeani habari. Aliye upande wake anaona bahati nasibu yake tu, hajui hata kama mwenzake ameshauliza, na ili wajue kwamba wamelingana lazima neno lipite njia ya kawaida, kwa simu, kwa mtu, kwa lori. Nilitamani kumwambia ndiyo. Sijawahi kutamani kusema uongo namna ile.

"Hapana, mama. Havipelekeani neno."

"Hata neno dogo?"

"Hata dogo."

"Nisamehe ni neno dogo," akasema.

Akavuta kitenge akajifunika kichwa, akaanza kulia kwa sauti, kilio cha msiba, kile kinachoita watu. Wakaja majirani kutoka pande zote, wengine na majembe, wakiuliza nani, nani amekufa. Nikawaambia ni baba. Wakauliza amekufa lini. Nilifungua mdomo niwaeleze, na mama akaniwahi kutoka ndani ya kitenge chake.

"Leo," akasema. Nami sikumsahihisha.